Sahani hairudi tupu

Sijui wewe mwenzangu, lakini mimi kila ifikapo Novemba naanza kupiga hesabu za Krismasi kichwani hata nikiwa katikati ya kikao. Nauli, mchele, soda, keki, nguo za watoto, kitenge cha mama, shati la mjomba. Kazi yangu ni uhariri. Nashinda mchana kutwa nikikata maneno ya watu yaliyozidi. Ila ikifika kwenye orodha ya sikukuu, kalamu yangu haikati kitu, inaongeza tu.

Mwaka 2024 ilibidi ikate. Mkataba wa kazi wa mume wangu uliisha Agosti na haukuongezwa. Tukawa watu wanne tunaishi kwa mshahara mmoja, na Januari ile inakuja na ada, sare na madaftari. Kama yamewahi kukukuta unajua ninachosema. Januari ni mwezi dume, haina huruma na mtu aliyemaliza hela Desemba.

Kibaya zaidi, ulikuwa mwaka wa Sumbawanga. Mume wangu ni Mchaga, na mnawajua Wachaga na Desemba yao: barabara ya Moshi inajaa kama vile kuna mtu anagawa dhahabu kule. Kwa hiyo tulipooana tukakubaliana kistaarabu. Mwaka mmoja kwao Moshi, mwaka unaofuata kwetu Ufipa. 2018 Sumbawanga, 2020 Sumbawanga, 2022 Sumbawanga. Zamu ikawa imefika tena.

"Tutume hela tu kwa simu," mume wangu akaniambia usiku mmoja watoto wakiwa wamelala. "Kidogo tutakachopata, tumtumie mama. Mimi mkwe, naingiaje pale mikono mitupu?"

Nikamjia juu. Nikamwambia anafikiria sura yake tu, mama yangu hamfikirii. Tulilala tumegeuziana migongo. Lakini usingizi haukuja, na kwenye saa nane za usiku nikajikiri mwenyewe kwamba hasira yangu haikuwa kwake. Alikuwa amesema kwa sauti kile nilichokuwa nakificha. Hata mimi nilikuwa naona aibu kwenda nyumbani bila maboksi.

Asubuhi nikampigia mama, uongo ukiwa tayari mdomoni. "Mama, mwaka huu ofisini kazi ni nyingi mno, sijui kama..."

Mama akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Mnakuja au hamji? Maana nataka kujua niloweke ulezi kiasi gani."

Ulezi! Sikuwa nimesikia habari ya mama kuloweka ulezi tangu baba alipofariki, mwaka 2017. Nikajikuta nasema, "Tunakuja, mama."

Krismasi ya udongo na pamba

Kwa ambaye hajafika kwetu, Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja uwanda wa Ufipa unashuka kwenda Ziwa Tanganyika, upande mwingine unashuka kwenda bonde la Ziwa Rukwa. Desemba kwetu ni mvua, baridi na matope. Watu wako mashambani, mahindi ndiyo kwanza yanaota, na ghala linaanza kuonyesha sakafu. Kwa maneno mengine, Krismasi inatukuta kipindi ambacho mkulima hana kitu. Lakini haijawahi kutushinda. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Karema, kule pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko Ukatoliki ukapanda mpaka huku juu. Ina maana bibi zetu na mama zetu wameandaa Noeli katikati ya mvua hizi kwa vizazi kadhaa, na wengi wao hawakuwa na mshahara.

Tulipokuwa wadogo, sikukuu ilianza na ulezi. Majilio yakishaingia, mama anaosha ulezi na kuuloweka usiku kucha. Kesho yake anauchuja, anautandaza kwenye gunia na kuufunika na gunia jingine lenye unyevu. Baada ya siku mbili tatu unaota vijimizizi vyeupe. Hapo unakaushwa, na kwa kuwa Desemba jua ni la kuvizia, kwetu ulimaliziwa kukaukia kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni. Ukishasagwa ndiyo kimea hicho, na kimea ndiyo togwa. Sisi watoto tulikuwa hatuna kalenda. Tulijua siku zilizobaki kwa kuchungulia chini ya gunia.

Mti wa Krismasi lilikuwa tawi la msindano, tunalipanda kwenye kopo lenye mchanga. Tunalipamba kwa pamba, eti theluji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona theluji. Pango la Mtoto Yesu tulilifinyanga wenyewe kwa udongo: ng'ombe, kondoo, punda ambaye kila mwaka alifanana na mbwa. Nguo zetu zilitoka kwenye jora moja la kitambaa. Ukituona tumepanga foleni kwenda kanisani, ungedhani ni kwaya.

Halafu, siku yenyewe, sahani. Mama akishapakua, kabla sisi hatujala, anatutuma na sahani zilizofunikwa kitambaa: moja kwa huyu, moja kwa yule, na moja kwa nyumba isiyosherehekea Krismasi kabisa, ambao nao Idi ikifika wanatukumbuka. Sheria ilikuwa moja tu. Sahani hairudi tupu. Ikija na pilau, inarudi na maandazi. Kama hakuna maandazi, inarudi na karanga. Kama hakuna karanga, hata chumvi. Lakini tupu, hapana.

Maboksi yangu

Baba alipofariki, Krismasi ya kwanza mama aliniambia kwa simu kwamba "tulikula tu, ikapita". Ile kauli iliniuma. Nikajiapiza kwamba mama yangu hatakula Krismasi ya namna ile tena.

Ndipo yakaanza maboksi. Mwaka 2018 tuliingia na keki ya dukani yenye maua ya sukari, kreti nne za soda, biskuti za makopo, mchele gunia, na mbuzi mzima tukanunua pale pale. Mwaka 2020 nikaongeza. 2022 nikaongeza tena, na hata ile miaka ya Moshi boksi lilipanda basi peke yake. Nilikuwa namwambia mama, "Wewe mwaka huu kaa tu, usishike kitu, pumzika." Kwangu mimi huo ndio ulikuwa upendo. Mama akawa anakaa. Anapigwa picha na keki. Anashukuru.

Sikuwahi kujiuliza kwa nini mchana wa Krismasi nyumba yetu, iliyokuwa haikauki watu, ilikuwa imetulia namna ile. Nilidhani ni televisheni. Kila mtu siku hizi ana televisheni yake.

Siku tano za kazi

Tuliondoka Dar tarehe 19 Desemba, tukitokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa hiyo nilipata muda mrefu wa kuwaza. Kuanzia Tunduma kuja Sumbawanga siku hizi ni lami, si kama zamani ambapo gari likikwama kwenye tope mnalala humo humo na kufahamiana majina. Mkononi nilikuwa na begi la nguo, kilo moja ya viungo vya pilau, na roho inayodunda.

Mama alitupokea, akaangalia nyuma yetu kama vile kuna mzigo unafuata, halafu akasema, "Afadhali. Mwaka huu mmekuja na mikono."

Nilidhani ananitania. Kumbe hapana. Kesho yake asubuhi aligawa kazi kama mwalimu mkuu. Watoto: udongo. Mimi: kimea, kilikuwa kimeshakauka, nikasage. Mume wangu alikuwa amejibanza kwenye kochi la pembeni, kimya, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Mama hakumwambia kitu moja kwa moja, maana mkwe ni mkwe, heshima lazima iwepo. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwambie mkwe wangu paa la jiko linavuja. Tangu baba yenu aondoke hakuna mwanaume aliyelipanda."

Ungemwona! Dakika kumi baadaye alikuwa juu ya bati na nyundo, mvua za rasharasha zinamnyeshea, anapiga mluzi. Kwa miezi minne sikuwa nimemsikia akipiga mluzi. Aligonga lile bati siku nzima. Jioni mama akampelekea maji ya moto ya kuoga kwa mkono wa mtoto, na sahani yake ya ugali ilikuwa na finyango kubwa kuliko zetu sote. Wanaume nao, jamani! Tunawahesabia hela kila siku, tunasahau kwamba mtu anahitaji pia kuhitajika.

Keki tulioka nyumbani. Kwa wasiojua: sufuria kubwa, mchanga chini, ndani yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko, mkaa kidogo chini na mkaa mwingi juu ya mfuniko. Mayai ya kuku wa mama, unga, sukari, siagi ya kopo, ganda la limau la kukwangua. Ya kwanza iliungua chini, tukaikata ile sehemu na kuila tukiwa tumesimama. Ya pili ikatoka vizuri.

Nguo nazo mama alishamaliza. Alifungua sanduku lake na kutoa vitenge viwili nilivyompa mimi mwenyewe, kimoja cha 2018, kingine cha 2020, bado vina karatasi za dukani. "Ulinipa vingi mno, mwanangu. Mwili ni mmoja." Tukavipeleka kwa fundi, zikatoka nguo za watoto, sketi yangu na shati la mkwe. Jumapili ile mimi na familia yangu tulikuwa kwaya kamili.

Sahani ziko wapi?

Tarehe 23 nilikuwa naosha vyombo vya kabatini. Mama ana sahani zake za bati, nyeupe zenye ukingo wa bluu, alizopewa kwenye harusi. Zilikuwa kumi na mbili. Nikahesabu, zipo sita.

"Mama, sahani nyingine ziko wapi?"

"Ziko kwa watu," akajibu huku akichambua mchele.

"Kwa watu tangu lini?"

Hakujibu haraka. Alimaliza ungo mzima kwanza. Halafu akanieleza, bila hasira, na nadhani ndiyo maana iliniingia sana.

Mwaka 2020 alimpelekea sahani shoga yake, mama wa nyumba ya tatu, mtu aliyelala kwetu wiki nzima ya msiba wa baba. Sahani ile niliipakua mimi. Nilijaza pilau, paja la mbuzi, kipande cha keki ya dukani, na soda mbili pembeni. Nilijiona mkarimu. Mwaka ule mume wa yule mama alikuwa anaumwa, na nyumbani kwake hakukuwa na kitu. Angeirudishaje sahani ile? Na karanga? Akaiweka, akisema atairudisha akipata. Hakupata. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Akaanza kupita njia ya nyuma ili asikutane na mama. Na hakuwa peke yake. Nyumba moja baada ya nyingine, sahani zikaenda na hazikurudi, mpaka mama mwenyewe akaacha kutuma, kwa sababu aliona anawaaibisha watu.

"Wewe ulileta vizuri, mwanangu," mama aliniambia. "Ila vilikuwa vikubwa. Kitu kikubwa mtu hawezi kukijibu. Na asiyeweza kukujibu, hawezi kukaa na wewe."

Nililia pale pale na sahani mkononi. Miaka sita nilikuwa nanunua ili mama asiwe mpweke, kumbe kila boksi lilikuwa linamfungia mlango mmoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unafurahi."

Siku yenyewe

Mkesha tulienda kwa miguu, khanga kichwani, tochi za simu mkononi, matope mpaka kwenye vifundo. Umeme ulikatika katikati ya misa na kwaya haikukosea hata noti moja.

Krismasi, Jumatano, tulipika vitu vya kwetu. Pilau la mchele wa bondeni, jogoo wawili wa mama, migebuka mikavu kutoka Ziwa Tanganyika, na uyoga wa porini uliopikwa kwa karanga, maana mvua hizi ndiyo msimu wake. (Uyoga huo aliuchagua mama, anayeujua. Tafadhali usiokote uyoga usioufahamu kwa sababu umesoma makala yangu!) Togwa lilikuwa limepoa usiku kucha, tamu, bado halijachachuka.

Mama akapanga zile sahani sita na kupakua mwenyewe. Kidogo kidogo. Kijiko cha pilau, uyoga, kipande kidogo cha keki yetu ya sufuria, kikombe cha togwa. Nilitaka kuongeza nyama, akanipiga kibao cha mkono. "Acha. Hiyo inatosha, inajibika."

Ile ya nyumba ya tatu akampa binti yangu. "Mwambie bibi ametuma bibi. Mwambie kimea nimeotesha mwenyewe."

Tukala. Mvua ikanyesha, ikakatika. Kwenye saa kumi nikasikia hodi ya mlango wa nyuma, wa jikoni, ule ambao wageni hawautumii. Alikuwa yeye. Amezeeka kuliko nilivyomkumbuka. Mkononi amebeba sahani mbili za bati zenye ukingo wa bluu, moja juu ya nyingine: ile ya leo na ile ya 2020. Zote mbili zimejaa karanga za kukaanga, bado za moto.

Mama hakusema neno kuhusu miaka minne. Alizipokea sahani kwa mikono miwili, akasema, "Karibu, shoga, togwa bado lipo." Wakaingia jikoni, chini ya paa lisilovuja, na hawakutoka mpaka giza lilipoingia. Tuliwasikia wakicheka. Mimi sijamsikia mama yangu akicheka vile tangu baba awepo.

Tulipoondoka tarehe 2 Januari, kabatini kulikuwa na sahani tisa. Tatu bado ziko kwa watu. Mama anasema zina muda wake.

Kabla hujaandika orodha yako

Mpenzi msomaji, sikuambii kwamba ukata ni mtamu. Hapana. Nimekuwa nao, na sitaki urudi. Mume wangu alipata kazi nyingine Machi 2025, nikashukuru Mungu kwa magoti yote mawili. Lakini kuna mambo niliyoyapata katika Krismasi ile ambayo nayaendeleza hata sasa hela ikiwepo, nami nakugawia.

Kwanza, zungumza na mwenzio mapema, na mzungumze hela kwa tarakimu. Sisi tulikaa mwezi mzima tunanuniana kwa sababu ya aibu ambayo wote tulikuwa nayo. Nje ya nauli, mwaka 2022 tulitumia zaidi ya shilingi 700,000. Mwaka 2024 haikufika 200,000, na Januari hatukukopa.

Pili, uliza kabla ya kununua. Mpigie mzazi umuulize: "Mwaka huu unataka tufanye nini?" Usimuulize "nikuletee nini", maana atasema "njoo tu", nawe utarudi kwenye maboksi.

Tatu, anza mapema. Cha nyumbani ni rahisi kwa fedha lakini kinadai muda. Kimea kinataka wiki nzima, na mvua ikikaza, zaidi. Fundi naye mpelekee kitambaa Novemba, vinginevyo utavaa sikukuu yako Januari.

Nne, wape watoto kazi ya kweli. Wanangu wa Dar, waliozoea kuambiwa "usiguse", walifinyanga pango zima. Punda alifanana na mbwa. Nikajua damu haipotei.

Na tano, kubwa kuliko yote: unapompakulia mtu, pakua kinachojibika. Kumpa mtu ni vizuri, lakini mwachie na yeye nafasi ya kukupa.

Mwaka huu natamani keki yenye maua ya sukari, sikatai. Huenda nikainunua. Lakini nitaila Dar, kabla ya safari. Sumbawanga naenda na mikono.

Nakutakia Krismasi njema wewe na wa kwako. Na kama kabatini kwako kuna sahani ya mtu, unajua la kufanya.